Jiwe Ndani ya Mvule

Kila siku akitoka shule, Kasuku alipitia karakana ya shangazi yake. Mafundi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Aliwaamkia, akafagia maranda, na muda wote huo akawasimulia ya darasani, watake wasitake.

Wiki hiyo shangazi alikuwa anatengeneza mlango wa stoo ya dawa ya zahanati. Mlango wa zamani ulikuwa wa mbao laini, na mchwa waliutafuna ukabaki rangi tu. Muuguzi aliutaka mpya ifikapo Ijumaa, maana dawa zilikuwa zinalindwa na pazia.

"Mvule ni mgumu, na mchwa hawaupendi," shangazi alimweleza. "Ukikauka vizuri, haupindi ovyo hata mvua ikiupiga. Leo utapiga randa ubao huu peke yako. Ukiutoa safi, Jumatatu unaanza kigoda chako mwenyewe."

Kasuku alikuwa amekisubiri kigoda hicho mwaka mzima.

Shangazi akatoka kwenda kununua bawaba. Randa ndogo ikateleza vizuri, maranda yakajikunja miguuni. Mara ikagonga kitu, ka! Kasuku akaigeuza. Makali yalikuwa na pengo dogo, kama punje ya mtama. Akaona kigoda ndiyo basi tena. Akairudisha randa mahali pake, akashika ufagio.

Shangazi aliporudi, alichukua randa kubwa ili aumalizie ubao ule. Ikagonga palepale, ka! Akaguna kuona makali yamemeguka, akaiweka chini, akachukua ile ndogo na kuijaribu kwenye ubao mwingine. Kila ilipopita iliacha mstari mwembamba ulioinuka, kuanzia mwanzo wa ubao hadi mwisho.

Akamtazama mpwa wake. "Kasuku, tangu niingie hujasema neno. Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi." Machozi yakamlengalenga. "Hiyo ndogo nimeiharibu mimi. Niliogopa utaninyima kigoda."

Shangazi hakumgombeza. Alichukua patasi, akachimba taratibu pale palipogonga, akatoa kijiwe cheupe.

"Mvule una tabia hiyo. Mti ukiwa bado umesimama, mawe hujitengeneza humo ndani. Hata mimi sikuliona, kwa hiyo randa ya kwanza si kosa lako." Akainyanyua ile kubwa. "Ya pili ndiyo yako. Ungeniambia, nisingepita hapo."

Maneno hayo yalimchoma Kasuku kuliko kofi.

Jioni ile na kesho yake alisugua makali yote mawili kwenye jiwe la kunolea mpaka viganja vikawaka moto. Shangazi aliziba shimo kwa kipande cha mvule, akakipiga msasa. Ijumaa asubuhi muuguzi alifunga stoo kwa ufunguo.

"Na kigoda?" Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jumatatu, kama tulivyosema. Ila shika hili: chombo huharibika mkononi mwa fundi yeyote, hata mimi. Fundi wa kweli husema papo hapo, mwenzake asije akaumia palepale."

Jumatatu Kasuku alikuwa anapiga randa na kusimulia habari za mtihani. Ghafla akanyamaza, akainua mkono.

"Shangazi, nimegonga jiwe."

"Haya," shangazi akajibu bila kugeuka, "njoo uchukue patasi."