Chai Iliyomwagika Mezani kwa Shemeji

Ndugu zangu, haya nitakayowaeleza yalitokea katika nyumba ya dada yangu. Msidhani ninawasema watu wengine huku nikinawa mikono. Na mimi nimo, tena nimo mzima mzima.

Jumapili hiyo asubuhi nyumba ilikuwa imetulia. Madirisha yalikuwa wazi, dada anakaanga mayai, na mumewe ananitania kwamba nimeanza kufanana na mto wa sofa. Huyu shemeji yangu ni daktari bingwa wa upasuaji wa retina, yaani ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Utando huo ukibanduka, mtu hupofuka. Yeye kazi yake ilikuwa kuurudisha mahali pake, na mimi nilikuwa muuguzi wake wa chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na minne.

Akachukua chupa ya chai akamimina. Chai ikapita pembeni ya kikombe, ikatambaa mezani mpaka mapajani mwangu. Akacheka, akasema uzee huo unabisha hodi. Sote tukacheka, isipokuwa dada.

Dada aliniita jikoni akanieleza. Kwa wiki tatu mumewe alikuwa akiona vimulimuli katika jicho la kulia, kisha vidoa vyeusi, na sasa kivuli kilikuwa kinashuka kutoka juu kidogo kidogo. Jamani, hizo ndizo dalili zilizobandikwa ukutani katika kliniki yake, na chini yake ameandika kwa mkono wake: njoo leo, usingoje kesho. Wagonjwa waliochelewa aliwagombeza mpaka wengine wakalia. Lakini mwisho wa mwezi alitarajiwa kuteuliwa kuwa mkuu wa idara, na kutibiwa kungemlaza kifudifudi siku nyingi ili utando ushike. Aliona wakimjua ni mgonjwa, cheo kitakwenda kwa mwingine. Akamwapisha dada asimwambie mtu, hata binti yao.

Basi siri ikakaa ndani ya nyumba ile ikawanyima raha. Shemeji akawa mkali kwa jambo dogo tu. Dada akawa halali wala hali vizuri, na binti yao, aliyewakuta mara mbili wakibishana kwa kunong'ona, akaja kuniuliza kama wazazi wake wanaachana. Nikamwambia aache kuwaza upuuzi.

Msomaji, unaniuliza nilifanya nini? Nilimsaidia kuficha. Mtu mwenye jicho moja hapimi vizuri umbali wa kitu, na katika kazi yetu nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Nikaanza kumwekea vifaa kiganjani ili asivitafute, naye akajua kwamba ninajua. Kisha tukawa na desturi yetu: anauliza kwa sauti ya chini, "Nimefika?" nami najibu, "Bado kidogo," au, "Sasa." Wagonjwa wawili wa kazi ndogo ndogo walipita hivyo wakapona kwa rehema tu. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikajiona shemeji mwema.

Siku ya kumi na tisa tangu chai imwagike, akaletwa fundi cherehani. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa zamani, na la kulia, lililobaki, ndilo lililobanduka. Alilala mezani amefunikwa uso, jicho tu liko wazi, limetiwa ganzi. Mwenyewe yu macho, anasikia kila neno. Alituambia ana gauni la harusi ya mwanawe ambalo hajalimaliza.

Shemeji akainamia hadubini. Nikampa kifaa chenye ncha cha kutobolea jicho. Mkono ukashuka, ukasimama. Nilitazama kwa pembeni nikaona ncha iko hewani, haijagusa chochote.

"Nimefika?" akanong'ona.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu. Kwa miaka kumi na minne sikuwahi kumwita jina la nyumbani ndani ya chumba kile.

"Hujafika, shemeji," nikasema. "Na leo hufiki. Nirudishie hicho."

Aliinua uso akanitazama kwa hasira, nami nikabaki nimenyoosha mkono. Chini ya kitambaa fundi akauliza, "Daktari, jicho langu limeharibika?"

Shemeji akaniwekea kifaa kiganjani.

"Jicho lako liko salama, mzee wangu," akasema. "Lililoharibika ni langu. Nisamehe. Utapata daktari anayeona."

Kesho yake fundi alifanyiwa upasuaji katika hospitali nyingine, na gauni alilimaliza. Shemeji naye alifanyiwa palepale. Akalala kifudifudi, dada akimnywesha uji kwa mrija, lakini jicho halikurudi. Daktari aliyemtibu alituambia waziwazi kwamba siku chai ilipomwagika, lilikuwa bado la kuokolewa. Cheo alipewa mwingine. Shemeji hapasui tena. Sasa anafundisha madaktari wanaochipukia, na akimimina chai hushika kwanza ukingo wa kikombe kwa kidole.

Funzo

Ukiona vimulimuli, vidoa au kivuli machoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama wewe ndiye daktari. Cheo kinangoja, jicho halingoji. Nanyi wenye mabingwa majumbani, kumfichia mtu ugonjwa wake si kumpenda. Mimi nilinyamaza siku kumi na tisa nikidhani namlinda. Kumbe jicho lake lilihitaji nifungue mdomo Jumapili ile, chai ikiwa bado ya moto mapajani mwangu.