Kung-kung

Kila asubuhi Saruul alikuwa na kazi moja ngumu: kumvalisha soksi mdogo wake Temuulen. Mtoto huyo wa miaka minne hakujua kutembea. Alijua kukimbia na kuruka tu.

"Tulia basi! Gari la chekechea linakuja," Saruul alimwambia.

"Mimi ni farasi," alijibu Temuulen, akaruka kutoka kwenye kochi.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa mlinzi wa jengo: jirani wa chini analalamika tena. Saruul aliomba radhi kwa Kikorea. Ndiye aliyejua lugha hiyo nyumbani kwao. Familia yake ilitoka Mongolia, na mama yake alijua salamu na majina ya mboga tu. Kwa hiyo Saruul, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mkalimani wao mjini Seoul.

Mwezi huo walitakiwa kuhama, kwa kuwa mwenye nyumba alitaka mwanawe aliyekuwa anaoa akae hapo. Kampuni ya baba ilikubali kulipia nyumba nyingine palepale mtaani Hannam, karibu na shule. Lakini wenye nyumba wawili walikuwa wamewakataa waliposikia kuna mtoto mdogo. Wakikosa nyumba mtaani hapo, ingebidi wahamie mbali, na Saruul abadili shule.

Siku ya Alhamisi, dalali, Bwana Pyo, aliwapeleka kwenye jengo dogo la ghorofa tatu kilimani. Temuulen alikuwa chekechea. Nyumba ya juu ilikuwa na chumba chenye dirisha pana lililotazama Mlima Namsan. Saruul alisimama pale dirishani, akaanza kupanga moyoni meza yake itakaa wapi.

Mwenye jengo, Bibi Gu, aliyeishi ghorofa ya kati, alipanda kuwaona. Hakuzunguka mbuyu.

"Mjukuu, muulize mama yako. Huyo mdogo wenu ni mtu wa kung-kung?"

Kung-kung! Kila mtu Seoul anajua maana yake: vishindo vya miguu juu ya dari ya mwenzako.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Saruul alilitazama tena lile dirisha. "Anauliza kama tuna ngoma nyumbani."

Mama alicheka, akamgeukia Bibi Gu na kutikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana! Hapana kabisa!"

Bibi Gu akatabasamu. "Vizuri. Tutaandikiana mkataba Jumatatu."

Jumamosi mama alifunga sanduku la maziwa makavu, yale ya vipande vigumu vya kutafuna, yaliyotoka kwao Mongolia.

"Twende tukamsalimie yule bibi. Huwezi kuhamia juu ya kichwa cha mtu usiyemjua."

"Mama, hapa watu hawafanyi hivyo kabla ya mkataba," Saruul alisema haraka. "Na Temuulen je?"

"Anakuja nasi. Chekechea imefungwa, nimwache na nani?"

Bibi Gu aliwapokea vizuri. Alimega kipande cha maziwa makavu, akakitafuna kwa shida, akasema, "Haya ni meno yangu au ni mawe?" Akamimina chai ya shayiri. Wakati huohuo Temuulen aliona ukumbi mrefu wa mbao uliong'arishwa. Farasi gani angeuacha? Alikwenda mbio mpaka mwisho, akarudi mbio, akaruka. Vikombe vikalia mezani.

Bibi Gu aliweka birika chini. "Kung-kung," alisema polepole, akimtazama mama.

"Mbona anataja ngoma tena?" mama aliuliza. "Ngoma iko wapi humu?"

Saruul angeweza kusema lolote. Wote wawili walikuwa wakimtazama, na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

"Si ngoma, Mama. Ni vishindo vya Temuulen. Siku ile aliuliza kama ana vishindo, nami nikakudanganya. Nilitaka tupate nyumba." Kisha akamgeukia Bibi Gu, akainama, akarudia yote kwa Kikorea.

Mama alisimama. "Nimemtikisia mama wa watu kichwa kwa uongo! Mwambie naomba radhi. Viatu, twende."

"Nyumba ya juu siwapi," Bibi Gu alisema. "Wapangaji waliopita walinikosesha usingizi mwaka mzima. Sirudii." Saruul alitafsiri neno kwa neno, machozi yakimlenga. Bibi akaendelea, "Lakini mnakimbilia wapi? Kaeni, chai itapoa. Nyumba ya chini yangu iko wazi. Chini yake kuna maegesho tu, na magari hayana masikio. Vishindo hushuka, havipandi sana."

"Mbona Bwana Pyo hakutuonyesha?" Saruul aliuliza.

"Wageni wote wanataka kuona mlima. Wewe ungenijibu ukweli siku ile, ningewashusha chini palepale."

Nyumba ya chini haikuona mlima. Iliona ukuta na mti mmoja wa matunda. Hata hivyo ilikuwa pana na yenye joto, na shule ilikuwa karibu. Temuulen aliikagua kwa mbio, na hakuna simu iliyolia.

Jumatatu, katika ofisi ya Bwana Pyo, mkataba ulisomwa kifungu kwa kifungu. Kimoja kilikataza kupigilia misumari ukutani. Saruul alikuwa na picha nyingi za kutundika. Alikitafsiri kama kilivyokuwa.

Baada ya kutia saini, mama alimwambia, "Nilikasirika, na sasa nimetulia, kwa hiyo nisikilize. Anayetafsiri amekabidhiwa vinywa vya watu wawili. Ukitia uongo ndani, unawafanya wote wawili waongo bila wao kujua. Na tungehamia juu, kila hatua ya mdogo wako ingekusuta. Nyumba iliyopatikana kwa uongo hailaliki."

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Beba funguo, tukasafishe madirisha."