Nilifuta Folda ya Pak Kasdi

"Waambie, Nduk... waambie wewe ndiye uliyeniruhusu!"

Chumba cha mkutano kilikuwa na watu kumi na tisa. Pak Kasdi alinitazama mimi tu. Miaka yote aliniita Nduk, kama anavyomwita binti yake wa kumzaa.

"Sikumbuki kitu kama hicho, Pak."

Jamani... nilikumbuka. Nilikumbuka kila neno!

Naitwa Wening. Niko hapa Surabaya, kwenye ofisi ya wachoraji wa ramani za majengo. Huku mwanamume wa heshima tunamwita Pak, na mama tunamwita Bu. Mimi ndiye mtu wa seva, ile kompyuta kubwa ambayo ofisi nzima inahifadhia kazi. Kila mtu ana folda yake na kikomo chake, GB mia moja. Ukitaka zaidi, unakuja kwangu.

Nitukaneni mkimaliza kusoma. Sitajibu.

Jumatatu ile seva ilijaa pomoni. Ukihifadhi mchoro, unagoma. Na mteja alikuwa anasubiri michoro ya hospitali Jumatano!

Bosi wetu, Pak Hendarto, akatoka chumbani kwake amefura.

"Wening! Nani kanijazia seva?"

"Naangalia, Pak."

"Nataka majina. Yaweke kwenye grupu, kila mtu ayaone!"

Nikatoa orodha. Nikaisoma mara mbili.

Wa kwanza alikuwa bosi mwenyewe. GB mia tisa! Video za ndege wake wa mashindano ya kuimba, kila ndege na folda yake.

Wa pili, kwa mbali, Pak Kasdi. GB mia tatu.

Nikafuta mstari wa kwanza. Nikatuma.

Grupu likawaka moto. Gilang wa meza ya jirani, mdomo kama redio, ndiye aliyeanza.

"Kumbe mzee wetu yumo! GB mia tatu za nini, Pak? Warembo?"

"Tugawie na sisi, Pak!"

Nami nikaweka kicheko. Ndiyo, mimi.

Saa nne tukaitwa kwenye mkutano. Folda ya Pak Kasdi ikawekwa ukutani kwa projekta. Video mamia, hazina majina, tarehe tu.

"Kasdi, simama," bosi akasema. "Nini hivi?"

"Mambo ya nyumbani, Pak."

Watu wakaangua kicheko.

"Nyumbani? Hii seva ni stoo ya baba yako?"

"Niliomba ruhusa, Pak. Kompyuta ya nyumbani iliibwa, nikaogopa..."

Hapo ndipo aliponigeukia. Hapo ndipo niliposema sikumbuki.

Ukweli ni kwamba miaka miwili nyuma alikuja mezani kwangu na diski ya kuazima mkononi. Akasema ni vitu vya mke wake. Sikuuliza ni vitu gani. Nikamjibu, "Weka tu, Pak. Humu havipotei."

Sasa ningekubali, bosi angeuliza nimeruhusu wangapi wengine. Angetaka kuona orodha nzima. Angegundua pia kuwa nakala za akiba nilishazifuta zote kimyakimya ili kupata nafasi. Kazi yangu ingeota mbawa siku hiyohiyo!

"Futa," bosi akaniambia.

"Pak, naomba nusu saa tu," Pak Kasdi akasema. "Nikimbie nikanunue diski yangu. Nusu saa."

"Futa sasa hivi. Wote waone."

Nikabonyeza.

Ilichukua dakika sita. Gilang alikuwa anahesabu asilimia kwa sauti, watu wanacheka. Pak Kasdi alisimama mpaka ya mwisho. Kisha akarudi mezani kwake, akaendelea kuchora ngazi za ile hospitali.

Ile nafasi? Bosi alinunua ndege mpya. Ndani ya wiki mbili ikajaa tena.

Basi siku moja, saa ya chakula, akaja mama mmoja mezani kwangu. Ana kitambaa shingoni, ana nasi pecel, wali wa mboga na mchuzi wa karanga, kwenye jani la mgomba. Hakusema neno. Alitoa kidaftari, akaandika.

*Mimi ni Lastri, mke wa Kasdi. Nimekuletea chakula.*

"Ahsante, Bu... kwa nini?"

*Kasdi anasema wewe ndiye unayenitunzia sauti.*

Sikuelewa. Akaona sielewi. Akaandika tena, taratibu.

Kabla ya upasuaji wa koo, madaktari walimwambia hataongea tena. Wakajirekodi miezi minne, yeye na mumewe. Akiimba. Akipiga soga jikoni. Akimgombeza Kasdi kwa kuacha taulo kitandani.

*Nimepata mjukuu. Nataka anisikie nikiimba. Naomba wimbo mmoja tu.*

"Bu..."

Pak Kasdi akatokea mlangoni, anahema.

"Lastri! Si nilikwambia seva imeharibika?" Akanitazama. "Si ndiyo, Nduk?"

Alikuwa hajamwambia mkewe kuwa nimezifuta. Alikuwa ananiomba nimsaidie kudanganya.

"Ndiyo, Bu," nikasema. "Imeharibika. Inatengenezwa."

Bu Lastri akanipapasa shavu, akaandika: *Usihangaike. Nitasubiri.*

Wakaondoka wameshikana mikono. Pecel nikaimwaga chooni.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: siku ile sikumwogopa Pak Kasdi kwa sababu hakuwa na cha kunifanya. Ukiona mtu hana cha kukufanya na vitu vyake viko mikononi mwako, huyo ndiye wa kumwogopa. Bosi angenifukuza tu, ningetafuta kazi nyingine.

Badala yake nimepandishwa cheo. Nina ofisi yenye mlango.

Na leo asubuhi Pak Kasdi kaniletea kikaratasi, kakiweka mezani bila kunitazama. Ni mwandiko wa mkewe.

*Binti yangu, imeshatengenezwa?*