Vipele Kwenye Sarafu ya Bibi

Siku ya kwanza alimkemea. Ukumbi wa maonyesho ya sarafu ulikuwa umefurika, watu wameinamia meza za vioo, naye mpiga picha alikuwa akipenya katikati yao na begi la kamera begani. Alivaa gauni jeusi la mikono mirefu, kwa sababu nguo ya rangi hujionyesha kwenye fedha kama kwenye kioo na kuharibu picha. Mbele yake akasimama kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi sawasawa, ameishika sarafu ya dhahabu huku dole gumba lake limegandamizwa katikati yake.

"Kaka, shika ukingo," alimwambia. "Alama ya kidole chako itaishi miaka mingi kuliko wewe."

"Basi angalau kuna kitu changu kitakachoishi," kijana alijibu, akaishika vizuri. "Mimi fundi saa. Nashika vitu vidogo kuliko hiki kutwa nzima, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunigombeza."

Mpiga picha alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka kazini. Upande wa pili wa ukumbi, mzee mmoja aliyebana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kushoto aliinua kichwa kusikiliza kicheko hicho. Wafanyabiashara wote wa sarafu walimwita Jicho Moja, na hakuna aliyeuza dhahabu kwenye mnada bila yeye kuitikia kwa kichwa.

Kumbe jicho lenyewe lilikuwa limeingia ukungu tangu mwaka uliopita. Mpiga picha alilijua hilo peke yake, maana ndiye aliyekuwa akimpelekea picha zilizokuzwa ukubwa wa sahani, naye mzee alizisogeza hadi puani ndipo aseme neno. Mpiga picha alilipwa vizuri kwa kunyamaza. Kwa hiyo alichokiona yeye ndicho kilichokuwa kweli, na jambo hilo lilimtia hofu mara nyingi alipokuwa akizima taa zake.

Penzi lilikwenda mbio. Fundi saa alimpigia simu asubuhi kumwuliza kama ameamka, mchana kumwuliza kama amekula, jioni bila sababu yoyote. Alikuja nyumbani alikoishi mpiga picha na shangazi yake, akaitengeneza saa ya ukutani iliyokuwa imelala miaka minne, na tangu siku hiyo shangazi akawa anamwita mkwe bila kuomba ruhusa ya mtu. Mpiga picha alijifanya kukasirika. Moyoni alikuwa ameshakwisha.

Wakati huohuo sokoni kulianza kunong'onwa. Sarafu tatu za bandia zilikuwa zimepita, zote za madini ya risasi yaliyomiminwa kwenye kalibu ya udongo na kupakwa dhahabu. Jicho Moja alimwita mpiga picha akamwambia awe macho: sarafu halali hugongwa kwa chuma, na kasoro zake huwa vishimo, lakini ya kumiminwa hutoka na vipele, kwa sababu risasi iliyoyeyushwa hujaza kila tundu la kalibu. Aliyekamatwa mwaka juzi, mzee alisema taratibu, alivunjwa vidole vyote kumi. 

Wiki iliyofuata fundi saa aliileta sarafu yake ya dhahabu ili ipigwe picha za mnada. Aliachiwa na bibi yake mzaa mama, na alitaka kuiuza.

"Kwa nini uuze kitu cha bibi?" alimwuliza.

"Bibi mwenyewe angeuza. Nina chumba kimoja tu, na kuna mtu wa gauni jeusi kila siku ambaye nataka ahamie."

Mpiga picha aliwasha taa yake ya upande wa juu wa meza. Aliiweka sarafu chini ya lenzi huku kijana amesimama nyuma yake, pumzi zake zikimpiga shingoni, na hakuona kwamba ameilaza kichwa chini. Alipoiona kwenye kompyuta akaigeuza picha kwa kidole, akacheka, akaendelea na maneno yao. Mwaka mzima wa kazi hakuwahi kufanya hivyo. Sarafu ikabaki kwake hadi asubuhi.

Asubuhi aliikuza picha ile, akasogea karibu na kompyuta. Kwenye shavu la mfalme asiyejulikana, palepale penye mwanga, kulikuwa na vipele. Alihesabu saba. Akakumbuka vidole vyembamba vya fundi, vyombo vyake vidogo, moto wake wa kuyeyushia risasi, na akajiuliza ni nani mwingine katika mji huo angeweza kazi hiyo. Alishika simu ampigie. Akaiweka. Akapeleka picha na sarafu kwa Jicho Moja, akasema alichokiona.

"Umefanya vizuri, binti," mzee alisema. "Usimpigie. Tutazungumza naye sisi."

Alimpigia hata hivyo, na siku mbili simu ya fundi haikupokelewa. Siku ya tatu asubuhi mpiga picha hakunywa hata chai, alikaa mezani na nakala ya ile picha mbele yake, na saa ya ukutani ikawa inagonga mpaka akatamani kuitupa. Shangazi aliketi upande wa pili akichambua mchele. Akaikodolea macho picha, iliyokuwa kichwa chini kwa upande wake.

"Huyu mtu aliugua ndui?" aliuliza. "Ana vishimo usoni."

"Vipele, shangazi."

"Vishimo, mwanangu. Mimi bado sijawa kipofu."

Mpiga picha aliigeuza karatasi. Mwanga kwenye picha ukawa unatoka juu, kama unavyotakiwa, na vipele vyote saba vikazama mbele ya macho yake vikawa vishimo. Aliigeuza tena, vikatuna. Alipoigeuza picha kwenye kompyuta siku ile, mwanga ulibaki ukitokea chini, na huo ndio uliomgeuzia kila kitu. Alikimbilia ukumbini kwa Jicho Moja, picha mkononi na ndala miguuni, bila mtandio, na shangazi alimwita mara mbili bila kujibiwa.

Milango ya ukumbi ilikuwa imerudishwa ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Ndani, wafanyabiashara walikuwa wamesimama kimya kuzunguka meza ndefu. Fundi saa alikuwa ameketi, mikono yake miwili imelazwa juu ya meza, na wanaume wawili walikuwa wameishikilia. Shati lile la bluu lilikuwa limechanika begani. Tupa na nyundo zilikuwa kando.

"Picha niliipiga kichwa chini," mpiga picha alisema, na sauti yake ilisikika hadi mlangoni. "Hivyo ni vishimo. Sarafu ni halali. Kosa ni langu, si lake."

Akaiweka picha mbele ya Jicho Moja na kuigeuza, mara moja, mara ya pili. Mzee hakuitazama. Alikuwa ameshaikata sarafu ukingoni kwa tupa, na mkato ulikuwa dhahabu tupu hadi ndani. Alichokuwa akingoja ni mtu mwingine wa kulibeba kosa hilo mbele ya wafanyabiashara. Akaisukuma sarafu kwa fundi, akaashiria, na wale wawili wakaachia.

"Hakuna atakayekuletea sarafu tena," alimwambia mpiga picha. Kisha akamsogelea sikioni. "Na lile unalolijua kuhusu jicho langu, lisahau kabla hujafika nyumbani."

Nje, fundi saa alitembea mbele, akikunja na kukunjua vidole. Mpiga picha alimfuata hadi kona, ndipo fundi akasimama.

"Ungeniuliza," alisema bila kugeuka.

"Niliogopa ungenidanganya, na mimi ningekubali."

"Kwa hiyo ukamwuliza yeye."

 Mpiga picha alilia waziwazi, barabarani, watu wakipita.

"Haiuziki tena na mkato huu," fundi alisema, akaitoa sarafu mfukoni. "Chumba cha pili hakipo."

"Mimi nimezoea chumba kimoja."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nitakusamehe. Si leo."

Akamnyooshea sarafu. Mpiga picha aliipokea kwa ukingo, kwa vidole viwili, kama alivyozoea. Fundi akakitwaa kiganja chake akakifumba chote juu ya sarafu, akakishika hivyo kwa nguvu. Mlangoni mwa ukumbi mmoja wa wale wanaume wawili alikuwa ametoka na kusimama, anawatazama, na hakuonyesha haraka ya kurudi ndani. Wakaanza kutembea. Mpiga picha alipofungua mkono, kidole chake kilikuwa kimeacha alama juu ya dhahabu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuifuta.