Aliyemwitikia Amuria

Maji yaliisha nyumbani jua likielekea kuzama. Nikashika mtungi mmoja wa plastiki, nikampa Kaisa mwingine, tukashuka laga, kwenye mto mkavu.

Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Uchawi sikuuamini wakati huo, na hata leo ukiniambia ni uchawi nitakukasirikia. Sijui ni nini. Dukani kwangu Lodwar hakuna mtu aliyewahi kupunjwa sukari, na hapa pia sipunji wala siongezi.

Kaisa alikuwa msichana wa Ufini, miaka kumi na sita. Ni mwaka ule wa El Nino, kabla mvua hazijaanza. Kanisa lilileta watoto wa Kizungu wakati wa likizo yao, wakae na familia za huku wajifunze lugha. Wengi walipelekwa Kitale kwenye baridi. Huyu akataka joto. Basi akapewa mimi, mjane kutoka Cherangany niliyeletwa Lodwar na uhamisho wa kazi ya marehemu mume wangu. Mwanangu Kiprop alikuwa shule ya bweni, kitanda kilikuwepo. Sharti lilikuwa moja: mtoto asisemeshwe Kiingereza. Asalimie kila mtu, na akisemeshwa ajibu, hata neno moja.

Sharti hilo nililipenda. Shule mimi niliiacha nikiwa mdogo. Kiswahili cha kuandika nilikitoa kwenye magazeti ya kufungia sukari, Kiturkana nikakitoa kwa wateja, kwa kurudia na kuchekwa.

Siku alipofika, mama yake alipiga simu posta. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, changu kibovu zaidi. Nikamwambia, "Mtoto nitakurudishia vile umenipa. Mzima."

Akalia kwenye simu. Nami nikikwambia neno, nimekwambia.

Sasa, Turkwel wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Maji yako chini. Kila ukoo una shimo lake, na shimo likiwa refu mtu huingia ndani akachota kwa kibuyu. Wa chini anaimba mstari, wa juu anaitikia na kuvuta. Asipoitikiwa hapandishi kitu, maana hajui kama juu kuna mtu. Na kibuyu kikishapanda na maji lazima kirudi chini. Wa chini anakingoja.

Kaisa alipenda kuitikia kuliko kula. Jirani yangu Nakiru ndiye aliyemfundisha, kwenye shimo la kwao. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. "Mama Kiprop, umetuletea punda mweupe!" Na yeye anacheka, jasho linamtoka, anaitikia tu.

Jioni ile tulijaza mitungi kwa Nakiru tukaanza kurudi. Njiani, karibu na mikoma, kulikuwa na shimo lililofunikwa miiba. Watu wote hulizunguka kwa mbali. Niliwahi kumuuliza Nakiru, akasema tu, "Hapo tulifunika." Sikuuliza tena. Shimo la wenyewe si langu.

Nilikuwa mbele. Nikasikia Kaisa ameachwa nyuma.

"Mama Kiprop! Bibi anaimba."

"Bibi gani?"

"Bibi wa chini."

Nilisikiliza. Wimbo sikuusikia. Nilichosikia ni kitu kinakwangua mchanga, mbali, chini kabisa.

Kru… kru… kru…

Hasira zikanipanda, nikidhani ni mwizi wa maji. "Nani huyo kwenye shimo la watu?" Nikatua mtungi.

Kabla sijageuka vizuri, Kaisa akaitikia. Sauti nyembamba, safi, vile alivyofundishwa.

Kukwangua kukakoma.

Nilipomwona alikuwa amepiga magoti kando ya miiba, kibuyu cheusi mikononi, anakunywa. Alikunywa kama mtu aliyetembea kutoka Lokichar kwa miguu. Akasema asante. Kisha, mtoto mwenye adabu, akainama akakirudisha kibuyu chini.

Nikafika mbio. Harufu ya mchanga mbichi, na ya tumbaku ya kutafuna.

Miiba haikuwa imeguswa. Chini yake hapakuwa na shimo. Mchanga ulikuwa umejaa mpaka juu.

"Kibuyu kiko wapi?"

Kaisa akanitazama. Akanijibu kwa Kiturkana, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezeeka: kwamba maji ni mazuri, na kwamba juu kumebadilika sana.

Maneno hayo hakuna aliyemfundisha.

*

Mwanzoni watu walifurahi. Eti mzungu wa Mama Kiprop ameshika lugha! Wazee walikuja dukani kumsikiliza. Halafu wakaacha kuja, mmoja mmoja. Alitumia maneno ambayo wao walikuwa wameyasikia kwa bibi zao tu. Aliuliza habari za watu waliokufa. Akaanza kuchukua tumbaku kwenye kaunta na kuiweka chini ya mdomo bila kuuliza, kidole kikijua njia.

Nakiru alimsikia mara moja tu. Akaweka chini unga aliokuwa amenunua, akatoka. Nikamfuata nje nimewaka.

"Nakiru, niambie. Usinifiche."

"Huyo ni Amuria," akasema.

"Amuria nani?"

"Shangazi yangu. Mchanga ilimwangukia ndani ya ile shimo. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa juu na wengine." Alisema akitazama viatu vyangu. "Hakukufa haraka, Mama Kiprop. Aliendelea kuimba. Chini ya mchanga, tunamsikia."

"Na nyinyi?"

"Mchanga ilikuwa bado inaanguka. Nani angeingia? Ukimwitikia, atajua unavuta. Sasa utavuta na nini?" Akafuta pua kwa mkono. "Tulinyamaza. Tukaleta miiba."

"Sasa anataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Hataki kitu. Alisikia mtu juu, akapandisha. Na kibuyu haiwezi kurudi bure."

Nilimwita mwongo. Nilimwita mengine pia.

Jumapili mama yake Kaisa akapiga simu posta. Nikampa mtoto mkono wa simu. Nikasikia sauti ya yule mama, ndogo, ikisema neno lile lile. Aiti, aiti, yaani mama, ni mimi mama yako. Kaisa akasikiliza kwa heshima. Akanirudishia simu.

"Huyu mama analia," akaniambia kwa Kiturkana. "Anatoka wapi?"

*

Nikasema ni malaria ya kichwani. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye hospitali ya kambi ya wakimbizi Kakuma kuna muuguzi wa Ufini, Sista Helvi. Tukangoja magari ya eskoti ya polisi, tukapanda lori la mahindi, tukaenda.

Sista Helvi alikuwa mwanamke mfupi, mchapakazi, asiyecheka ovyo. Mgonjwa mmoja mlangoni, kijana wa Sudani aliyeitwa Majak, alimwona Kaisa ametafuna tumbaku akasema, "Sista, huyu ndugu yako amekuwa mzee wetu!" Watu kwenye foleni wakacheka.

Sista akapima damu. Hakuna malaria. Akamsemesha Kifini. Akamwimbia wimbo wa watoto wa kwao. Akaandika jina lake kwenye karatasi.

Kaisa alitabasamu kama mteja asiyejua bei.

Sista Helvi akanitoa nje. "Mama, nimeona watu wengi wameumia akili hapa," akanong'ona. "Wanasahau watoto wao. Wanasahau vita. Lakini hakuna aliyesahau lugha ya mama yake na akapata nyingine."

Nikamweleza yote, bila kupunguza. Nilingoja acheke. Akachukua kofia yake.

Tulifika Lodwar siku ya pili, jua likiwa limeshuka. Tukaenda moja kwa moja laga, mimi, Sista na Kaisa. Kaisa akakataa kusogea karibu na miiba. Akakaa juu ya ukingo, akatugeuzia mgongo.

Tulisimama. Upepo ukatulia.

Kru… kru…

Halafu sauti. Safari hii niliisikia hata mimi. Haikuwa ya kizee. Ilikuwa nyembamba, safi, na maneno sikuyajua hata moja.

Sista Helvi akashika mkono wangu. Kucha zikaniingia.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Anasema, nani yuko hapo juu? Mbona hamnivuti?"

Kesho yake tulichimba. Niliwalipa vijana, nikachimba nao, Nakiru akaja na jembe bila mtu kumwita. Tulichimba mpaka kuta zikaanza kumeguka. Hatukuona mfupa, hatukuona kibuyu. Na kila tuliposhuka, sauti nayo ilishuka, ikiwa mbali vile vile. Ukuta mmoja ukaanguka, ukamfunika kijana mmoja mpaka kifuani. Tulipomtoa, vijana waliacha majembe yao pale wakaenda.

Mama yake Kaisa alikuja kwa ndege ndogo. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti kwenye jua lile. Kaisa akampa mkono.

"Ejok," akamwambia, kama unavyomsalimu mgeni.

Sista akamweleza kwa Kifini. Mama akanigeukia mimi. "Nipeleke."

Sista alitaka nikatae. Lakini siwezi kumficha mtu kilicho chake. Nilimpeleka jioni, Sista akatufuata na gari.

Aliposikia ile sauti alianguka kifudifudi juu ya mchanga. Nikaona kifua kinajaa, anataka kujibu. Nikamrukia nikamziba mdomo kwa kiganja. Aliniuma mpaka damu ikatoka. Alama bado iko. Chini pale mtoto wake anaita, aiti, aiti, na mimi nimemkalia mama mtu mgongoni nimembana mdomo.

Tulipomburuta hadi kwenye gari, aliuliza kitu. Sista hakutaka kutafsiri. Nikamlazimisha.

"Anauliza, kati ya hawa wawili, nimchukue yupi?"

Alichukua yule wa kuchukulika. Pale uwanja wa ndege nilimwambia, "Yule mwingine nitamwitikia mimi. Nitakuletea." Sista akatafsiri. Mama hakuniangalia.

*

Mvua za El Nino zikaja. Turkwel ikajaa, ikabeba mikoma na mbuzi. Nikasema imeisha. Maji yalipokauka, mchanga ulikuwa pale pale, na wanawake wakaanza kulizunguka lile shimo tena.

Nikashuka jioni moja. Mimi naamini biashara ya wazi. Nikasema kwa sauti, "Nipe kila cha mtoto, nichukulie changu. Kwa kilo ile ile." Nikaitikia.

Kibuyu kilikuwa cha baridi. Nilikunywa nikakirudisha.

Kesho yake niliamka nikijua neno la theluji, na theluji sijawahi kuiona. Nikaenda tena. Na tena. Neno kwa neno nilitoa Kifini chini ya ule mchanga, na kila kibuyu kiliporudi, kulikuwa na kitu changu ndani. Kwanza majina ya miti ya Cherangany. Halafu nyimbo. Sikujali. Nilihesabu kwamba mzigo ukikamilika nitaupeleka.

Ulipokamilika nilipiga simu Ufini. Nikaomba Kaisa awekwe kwenye simu, nikamwambia yote kwa lugha yake, jina la mbwa wake, rangi ya mlango wa kwao, alivyomwita bibi yake.

Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema kwa Kiturkana, "Wewe mama unalia. Unatoka wapi?"

Mama yake akachukua simu. Alikuwa amesikia. Akasema sauti ile ni ya binti yake, kila pumzi. Akaniomba, kwa jina la Mungu, nisipige tena.

Kwa hiyo mzigo ninao, na hauna mwenyewe.

Niliacha kwenda laga. Lakini hasara haikuacha. Dada yangu alikuja kutoka nyumbani mwezi uliopita, akaongea nami tangu asubuhi, na nilimtazama mdomo. Akarudi kwao akilia, akisema watu wa huku wamenifanya kitu. Sikuweza kumjibu kwa Kikalenjin, lugha ya mama yetu, hata neno moja. Kiswahili bado ninacho, ingawa jana nilisimama dukani mbele ya chumvi na sikujua inaitwaje. Ndiyo maana naandika haraka.

Nakiru amehama, amekwenda Kalokol kwa dada yake. Kabla ya kuondoka alikuja mlangoni, hakuingia.

"Mama Kiprop, usikasirike."

"Sema tu."

"Ule msichana ameacha kuita kule laga. Sasa ni mtu mzima. Anaita kwa Kikalenjin." Akavuta shuka lake. "Anaita Kiprop. Lile jina la utoto, unalomwita ukiwa umefurahi."

Nilifungua mdomo nimwulize ni jina gani. Yeye analijua. Kila mtu mtaani analijua.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Kiprop hupenda kushuka laga kuoga kabla hata hajaweka sanduku chini. Amekulia Lodwar, kuitikia anajua tangu hajaota meno. Karatasi hizi nampelekea shuleni na dereva wa lori, azisome kabla hajapanda gari. Akishafika, sijui nitamwambia kwa lugha gani.

Mwanangu, ukisikia mama anakuita kutoka chini, nyamaza.