Aliyeazima Sauti ya Charline

Charline alikuwa nje akinawa mikono aliposikia sauti yake mwenyewe ikizungumza ndani ya chumba.

"Pole, mama. Endelea tu."

Jagi likabaki limeinama, maji yakamlowesha viatu. Chumba kile cha mbao, pembeni mwa kambi ya Kibati, alikuwa amekifunga mwenyewe. Alipofungua hakukuta mtu. Harufu tu, ya majivu mabichi, kama jiko lililozimwa kwa maji.

Alikuwa mwanafunzi wa saikolojia mjini Goma, na shirika dogo la mama Micheline lilikuwa limempokea kwa staji, mazoezi ya kazi ya wanafunzi. Ulikuwa mwaka wa 2008, vita viliposukuma watu kutoka Rutshuru hadi chini ya volkano ya Nyiragongo. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza, ndani ya chumba kile, wanawake waliopotezana na watoto wao njiani. Lakini Charline alipenda kusema. Kwa kila jeraha alikuwa na maneno matamu ya darasani, na wanawake walimwamini. "Sauti yako ni dawa," walimwambia, naye akavimba kichwa.

Wiki ileile mwanamke mmoja alikutwa amekufa katika bonde la lava nyuma ya kambi. Watu wakasema ni mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni na kuua mbuzi na watu bila kuacha alama. Lakini dada wa marehemu alimjia Charline.

"Juu ya nini ulimutuma kule?" alinong'ona. "Ulimwambia mutoto wake iko kule chini."

"Mimi? Hata sikumuona siku ile!"

"Ilikuwa sauti yako. Niliisikia na masikio yangu."

Charline alimkimbilia papa Damascène, katekista mzee aliyeombea wagonjwa kambini. Mzee aliweka kiganja kwenye mlango wa chumba, akakiondoa haraka kama aliyeungua.

"Huyu pepo ni wa zamani kuliko vita," alisema kwa sauti ya chini. "Anakaa kule kwenye lava. Hana kinywa. Anaazima kile ambacho watu wanakiamini."

"Nifanye nini, papa?"

"Nyamaza, mutoto wangu. Kila neno unaloangusha humu, analiokota."

Alasiri ukungu ulishuka kutoka mlimani. Charline akapita kwenye hema la mama Mukamurenzi, aliyempoteza mwanawe Benny kwenye msongamano wa kukimbia, akakuta mkeka mtupu na ndala zimeachwa mlangoni. Hapo akajua mama ameitwa bondeni. Alikimbia nyuma ya kambi, akijikwaa juu ya mawe meusi yenye makali, ile harufu ya majivu mabichi ikizidi kumkaba koo kila alipovuta pumzi, na kabla hajaliona bonde akaisikia sauti yake ikitoka chini, laini, yenye huruma, ikisema mambo ambayo mama yule alimwambia yeye peke yake, jina la utani la mtoto, kovu lake la gotini, na wimbo aliokuwa akimwimbia.

"Kuya, mama," ikamwita aje. "Benny iko huku."

Mukamurenzi alikuwa tayari anateremka, mikono mbele, akitabasamu.

"Mama, rudi!" Charline alipiga kelele.

"Mama, kuya!" bonde likajibu, kwa sauti ileile.

Mama akageuka huku, akageuka kule, kisha akaendelea kushuka.

Charline akafunga mdomo. Akateleza chini, magoti yakachanika, miguu ikawa mizito, kichwa kikaanza kuzunguka. Akamkumbatia mama kwa nyuma. Mama akampiga, akamng'ata mkono. Charline hakutoa hata mlio. Alimvuta jiwe kwa jiwe. Chini yao sauti ilibembeleza, ikalia, kisha, kwa kukosa neno jipya, ikaanza kurudia yale ya zamani: pole mama, endelea tu, pole, endelea, hadi maneno yakavunjikavunjika na kubaki mluzi.

Juu kwenye nyasi Mukamurenzi alitapika, akamshika uso kuhakikisha kama ni yeye kweli. "Njo weye kabisa?"

Charline akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka.

Kesho yake papa Damascène alilizunguka bonde na wanawake wa kambi, wakisali rozari na kumwaga chumvi na maji ya baraka. Mawe yalinguruma chini, harufu ikapanda mara moja, ikakatika. Wakaziba njia ya kushukia.

Charline aliendelea na staji yake bila kusema. Alikaa, akashika mikono, akasubiri. Ndipo alipogundua ni mangapi alikuwa akiyafunika kwa maneno yake: wanawake walisema mambo ambayo hawajawahi kumwambia mtu. Staji ilipokwisha mama Micheline alimwomba abaki, naye akabaki.

Siku moja akaja mama kutoka Rugari, amefika asubuhi hiyohiyo, vumbi bado miguuni. Alikaa mbele ya Charline, akalia kwa muda mrefu. Kisha akapangusa macho, akainuka akitabasamu.

"Aksanti, mutoto wangu. Maneno yako yamenituliza," alisema. "Basi acha niende kule bondeni ulikonielekeza."

Charline alikuwa hajafungua mdomo.

Aliruka, akamshika mama yule mkono kwa nguvu zake zote, akaegemeza mgongo mlangoni.