Lete Uliyotafuna

Jua lilikuwa linazama Mama aliponituma penseli. Si yangu, yake. Mama ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, pale sebuleni karibu na dirisha, na vipimo vya wateja huviandika kwa penseli. Jioni hiyo mteja kasimama, mikono juu, tepu imemzunguka kifua. Mama ananyoosha mkono mezani, anaishika penseli, anaiachia papo hapo. Ilikuwa na mate.

Aliniangalia mbele ya mteja yule.

"Msichana mkubwa hivi," alisema, "anakula mti kama mchwa. Nenda dukani. Na uniletee nzima, usiipitishe mdomoni njiani."

Mteja alicheka mpaka pini zikamchoma. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nisikilize kwanza kabla hujanicheka na wewe. Sikuwa napenda kutafuna. Mkono ukishika kalamu, kalamu inajikuta mdomoni, na mimi ndiye wa mwisho kujua. Nimetafuna kalamu za wino, penseli, vifuniko, hata rula. Shuleni wananiita Mswaki. Jina lilitoka kwa mwalimu wa hesabu. Siku moja aliinua penseli yangu juu darasa zima liione, mkia wake umechanuka nyuzinyuzi, akauliza, "Mwenzetu, hiki ni cha kuandikia au cha kusafishia meno?" Tangu hapo nikiomba kalamu, watu wanakumbatia mikebe yao. Nilijifunza kucheka mdomo umefungwa, maana wino wa bluu ukishaingia kwenye fizi hautoki leo wala kesho.

Duka letu la kila siku lilikuwa limefungwa. Nikateremka mpaka kwa kinyozi, nikapita kibanda cha fotokopi, nikaona mlango wa pembeni unatoa mwanga. Sikuwahi kuukuta wazi mlango ule. Ndani kulikuwa na madaftari, bahasha, gundi, ramani iliyopauka ukutani. Duka la kawaida kabisa.

Ila harufu...

Harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, na chini yake harufu ya mdomo wa asubuhi.

Nyuma ya kaunta alikaa mama mmoja aliyevaa barakoa. Mzee si mzee, kijana si kijana. Hakuniuliza nataka nini. Aliangalia mfuko wa shati langu la shule, mahali ilipochomoza kalamu yangu, kichwa chake kimepondekapondeka. Nikaifunika kwa kiganja.

"Usione haya," alisema. Alikuwa ananong'ona, ungedhani kuna mtoto amelala chini ya kaunta. "Lete uliyotafuna, nikupe mpya."

"Kwa bei gani?"

"Bure. Mbovu kwa mpya."

Rahisi ghali, ndivyo Mama anavyosema akikataa uzi wa bei ya chini. Na hiki hakikuwa hata rahisi, kilikuwa bure. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kuishika kalamu yangu bila kukunja pua. Yule mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza kwenye taa, akapitisha kidole juu ya alama za meno yangu, polepole, na mimi nikasogea karibu na kaunta.

"Jino hili limempanda mwenzake," alisema.

Kweli limepanda. Nyuma yake niliona makopo ya maziwa yamejaa kalamu na penseli zilizotafunwa, nyingi kuliko mtoto mmoja anavyoweza kutafuna maisha yake yote. Niliwaza, kumbe tuko wengi. Moyo ukatulia.

"Huna nyingine?"

Mfukoni mwa sketi mlikuwa na penseli fupi ya mdogo wangu. Tunamwita Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba, yuko darasa la kwanza, na kila nifanyalo analiiga. Nilikuwa nimempokonya mchana ule ule, nikamfokea, "Unataka na wewe uitwe Mswaki?" Nikaitoa, nikaiweka juu ya kaunta.

"Haya si meno yako."

"Ya mdogo wangu."

"Mnalala pamoja?"

Swali la ajabu. Nilijibu ndiyo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia, akanisogezea kalamu mbili mpya. Penseli ya Mama nikailipia, nikaondoka.

Kesho yake sikutafuna kitu. Wala sikujizuia. Hamu yenyewe haikuwepo, imeng'oka. Niliandika vipindi vyote na kalamu ikabaki inang'aa. Mwalimu wa hesabu alipita, akaichukua, akaitafuta alama, hakuiona, akairudisha. Mwenzangu wa dawati aliniazima rula yake kwa hiari. Kufika mwisho wa wiki nilikuwa nacheka meno yote nje, na Mama anawaambia wateja, "Binti yangu amekua, jamani. Amekua."

Sikuwahi kuwa na furaha ile. Ndiyo maana sikuona kwamba Kitinda ameanza kuvaa sweta.

Joto lile, na mtoto ndani ya sweta, mikono imevutwa mpaka kufunika vidole. Alikula hivyo hivyo. Alicheza hivyo hivyo. Mama ndiye aliyemvua, jioni moja, ampime sare mpya.

"Nyoosha mkono."

Cherehani ilisimama.

Kwenye vidole vyake, kuanzia kwenye kucha mpaka kiungo cha pili, kulikuwa na alama ndogondogo, zimejipanga mstari. Nyingine zilishageuka rangi ya zambarau. Nyingine zilikuwa mbichi.

"Nani amekuuma?"

"Nimejibana na mlango."

"Huo mlango una meno?"

Kitinda akaangalia sakafu. Mimi nikaangalia vile vidole, na nilichokiona ni makopo ya maziwa, na penseli fupi ndani ya mojawapo, na mtu wa barakoa akiitoa taratibu. Nikamweleza Mama kila kitu, duka, kalamu, mbovu kwa mpya.

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Aliketi juu ya rundo la vitambaa vya watu, kitu asichokifanya kamwe.

"Nikikusuka, nywele zinazodondoka nazichoma," alisema. "Kucha zenu nazifukia. Tangu mmezaliwa, ili asizipate mtu mwenye nia mbaya. Na wewe unachukua mate ya mtoto, unampelekea usiyemjua. Kwa mkono wako."

Ni kweli. Katika nyumba ile tulikuwa tunaogopa nywele na tunaogopa kucha. Kalamu hakuna aliyeiwazia. Nilikosa pa kuweka uso.

"Kaifuate," alisema Mama. "Usirudi bila hiyo penseli."

Magharibi tena. Mlango ulikuwa wazi, na harufu ilinipokea nikiwa bado kwa kinyozi. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti inatoka nyuma ya makopo.

Kru... kru... kru...

Sauti ya mti laini ukipondwa. Nilipokanyaga ndani, ikakoma.

"Umerudi," alinong'ona yule mama.

"Naomba penseli ya mdogo wangu." Sauti ilinitoka nyembamba. "Anaumia. Unamtafuna."

"Mimi?"

Akashusha barakoa.

Hakuwa na jino hata moja.

Fizi tupu, laini, nyekundu, kama za mtoto mchanga. Akazifungua vizuri ili nione mpaka nyuma.

"Nimtafune na nini, mwanangu?"

Akaingiza mkono kwenye kopo bila kuangalia, akatoa penseli ya Kitinda, akanipa. Hakudai chochote. Ilikuwa kavu, na vumbi juu yake. Hakuna aliyeigusa tangu nilipoileta.

"Mimi nilipokea kalamu tu," alinong'ona, akipandisha barakoa. "Meno uliondoka nayo."

Sikumwelewa. Au nilimwelewa nikakataa. Nilikimbia mpaka nyumbani, penseli ile nimeibana kwenye ngumi, na jasho linanitoka kama niliyeiba.

Mama aliichoma kwenye jiko la mkaa. Tulisimama sote watatu tukaitazama mpaka ikawa jivu, naye akalikoroga jivu kwa kijiko na kulimwaga nje. Kisha akamfunga Kitinda mkono kwa kitambaa cheupe, kidole kwa kidole, kwa ule ufundi wake wa kupindia nguo.

"Basi," alisema. "Limekwisha."

Nilimshika Kitinda kichwani nikamwomba radhi. Akaniambia, "Haiumi sana, Dada." Nikaona ananifariji tu.

Siku iliyofuata hakukuwa na shule. Mvua ilishika tangu saa sita, mvua ya kulala, ile inayopiga bati mpaka husikii mawazo yako. Mama alikuwa sebuleni anamalizia nguo ya mteja, cherehani inalia. Nilijilaza. Kitinda akaja, akajipenyeza pembeni yangu, kama kawaida yake. Nilimwekea mgongo makusudi, nisije nikamlalia mkono. Nikalala.

Kilichoniamsha ni kimya.

Mvua imekatika. Cherehani imenyamaza. Sikufungua macho, nilikuwa bado katikati ya usingizi na kuamka, mahali pale ambapo mtu husikia lakini hana haraka. Nilikuwa nimegeuka, sijui saa ngapi. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chumvi na uzi wa pamba. Kitu chembamba, chenye joto, kilikuwa katikati ya meno yangu, na taya langu lilikuwa linakwenda polepole, bila njaa, vile mtu anavyotafuna kalamu akitafuta jibu la hesabu.

Kru... kru...

Nyayo za Mama zilifika mlangoni. Zikasimama. Nikasikia mkasi ukianguka sakafuni.

"Kitinda." Sijawahi kumsikia Mama akinong'ona hivyo. "Tangu lini?"

"Tangu aache kalamu."

Sauti ya mdogo wangu ilikuwa karibu kabisa na sikio langu. Haikuwa na kilio. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilihisi kiganja kingine cha Kitinda, kile kizima, kikinipapasa shavu, taratibu, kunibembeleza.

"Walikuwa wameacha kumcheka," alisema.

Nilisikia Mama akipiga hatua moja kuja kitandani, na Kitinda akamzuia, upesi, kwa mnong'ono.

"Usimwamshe, Mama. Ataona aibu."

Nilikuwa macho. Nilisikia yote, neno kwa neno, na machozi yalikuwa yananitiririka kuelekea sikioni. Nilitaka kuachia. Mungu ni shahidi, nilitaka kuachia. Niliyaamuru meno yangu yafunguke.

Hayakufunguka.